Daktari wa Jumamosi

Kila Jumamosi, kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni, jirani yangu alibisha mlango wa nyumba yake mwenyewe. Alisimama kizingitini, kofia mkononi, akagonga mara tatu, kisha akasema, "Hodi wenye nyumba. Kuna mgeni."

Mkewe, Mama Makena, alikuwa ndani kwenye mashine yake ya kufuma sweta za shule. Alijibu bila kuinua macho. "Mgeni ametoka wapi?"

"Ametoka kwa rafiki yake. Amekunywa chupa tatu, hataki kudanganya. Anaomba aingie."

"Miguu yake iko safi?"

Mgeni aliangalia viatu vyake, akavivua, akaingia.

Katika ploti yetu ya vyumba vya kupanga, mtaa wa Bulla Pesa, tulimwita Daktari, ingawa hakuwahi kumtibu binadamu hata mmoja. Alikuwa mtu wa mifugo. Alikuwa amechanja mbuzi na ngamia kuanzia soko la mjini mpaka Biliqo, na wafugaji wazee wa huko walipokuja mjini walimuulizia kwa koti lake la kijivu lenye mifuko minne, si kwa jina. Yeye aliishi mlango wa nne, mimi wa tano, na ukuta uliotutenganisha ulikuwa wa mbao. Mtu akikohoa kwao, mimi nilijua ni kikohozi cha nani. Tuliishi hivyo miaka kumi na mmoja, kwa hiyo nikisema nilimjua, simaanishi kwamba alinieleza habari zake. Namaanisha niliyasikia maisha yake kupitia ukuta, hata nilipokuwa sitaki.

Rafiki ambaye Daktari alitoka kwake kila Jumamosi aliitwa Ekiru, fundi wa kujenga kwa mawe, Mturkana mrefu mwenye sauti ya chini. Walikutana saa saba kwenye baa moja nyuma ya maghala, wakaketi mpaka saa kumi. Hawakuzidisha hapo. Ekiru akirudi kwake alilala. Daktari akirudi kwake alianza kuishi.

Kwanza alikunja mikono ya shati. Alibeba masufuria yote ya nyumba, machafu na masafi, akayapeleka kwenye mfereji, bomba la maji la ploti, akayasugua kwa majivu huku akiongea. Alimwambia mkewe, kwa sauti ya kusikika mpaka mlango wa kwanza, kwamba siku alipomwona mara ya kwanza alikuwa amevaa gauni la manjano lililopungukiwa kifungo kimoja, na kwamba wiki nzima alifikiria kile kifungo. Alimenya viazi. Aliwaeleza watoto wa ploti habari za ngamia wa Merti aliyekataa sindano mpaka aimbiwe. Alimuuliza Makena, binti yake wa pekee, alisoma nini wiki hiyo, na jibu alilisikiliza mpaka mwisho. Alikumbuka yote. Homa ya Makena ya mwaka aliotimiza miaka mitatu, shuka walilomfunika nalo, nani alikuja kuwaona hospitalini na nani hakuja.

Kwangu hakukaribia. Mimi ni Mwislamu, mume wangu pia, na Daktari aliheshimu jambo hilo hata akiwa na chupa tatu kichwani. Akipita mlangoni pangu alisimama hatua nne mbali, akaweka mkono kifuani. "Mama Halima, salaam aleikum. Leo sikaribii, nanuka." Nilimjibu salaam yake. Mama mkwe wangu alipokuja kututembelea alinikaripia kwa kumjibu mlevi. Jumanne yake akamwona huyo huyo Daktari akipita na koti la kijivu, kimya, asiitikie hata alipoamkiwa, akaniuliza, "Na huyu mwenye kiburi naye ni nani?"

Ndiyo, hakuamini nilipomwambia ni mtu mmoja.

Kwa maana siku nyingine sita Daktari alikuwa ukuta mwingine. Hakuwa mkali. Hakupiga mtu, hakutukana, na mshahara wake wote uliingia nyumbani. Lakini maneno yalimtoka kama jino. Asubuhi nilisikia, "Chai iko?" Jioni nilisikia, "Maji iko?" Kati ya hayo mawili, mashine ya Mama Makena tu, ikikwaruza. Akila alishukuru kwa kusukuma sahani mbele. Mume wangu, ambaye ni dereva wa lori la mifugo na hupima watu haraka, alisema, "Huyo mtu ni mzuri. Ila uzuri wake anaukodi huko baa, na kila Jumapili anaurudisha."

Cha ajabu ni kwamba kwa wanyama hakuhitaji kukodi kitu.

Mwaka mmoja mbuzi wangu alishindwa kuzaa. Nilikuwa nimemfunga nyuma ya ploti, na tangu alfajiri alikuwa akisukuma bila kitu kutoka. Nilimwita Daktari. Ilikuwa Alhamisi. Alikuja na ndoo, akapiga magoti kwenye vumbi, akaweka shavu lake ubavuni mwa yule mbuzi. Nikaanza kumweleza nilivyoona. Akainua mkono. "Usiniambie ana nini. Niambie alikula nini." Hayo ndiyo maneno aliyomwambia kila mtu mwenye mnyama mgonjwa, na nadhani alikuwa ameyasema mara elfu. Nikamwambia. Hakunijibu. Akaanza kuongea na mbuzi.

"Pole, mama. Najua. Mguu mmoja umekunjika, ndiyo maana. Si makosa yako. Ngoja kidogo. Sasa. Haya, pumzika, hakuna anayekukimbiza."

Aliongea naye hivyo kwa karibu saa nzima, sauti yake ikiwa laini kama maziwa ya asubuhi, mkono wake ukigeuza mtoto ndani pole pole. Walitoka wawili, wote hai. Nililia kwa furaha. Nikamwambia, "Daktari, Mungu akubariki, sijui nikushukuru vipi." Akasimama, akaniangalia kana kwamba nimemuuliza swali la mtihani. Akasema, "Maji." Nikamletea ya kunawa. Akanawa, akaenda.

Jioni hiyo nilimsimulia Mama Makena. Alikuwa ameketi mlangoni anaunganisha mikono ya sweta. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akakata uzi kwa meno.

"Alimwambia pole?"

"Mara nyingi."

"Mbuzi ana bahati," akasema. Halafu baada ya muda akaendelea, "Mama Halima, mimi nachukia pombe. Baba yangu ilimmaliza. Kila Jumamosi saa saba huyu akitoka, naomba asifike huko. Lakini saa kumi ikifika, nimeshajipaka mafuta, nimevaa leso safi. Kwa sababu yule anayekuja hapo kubisha hodi, huyo ndiye niliolewa naye. Sasa niombe nini?"

Nilimmiminia maziwa ya ngamia kwenye kikombe, kwa kuwa hiyo ndiyo biashara yangu na ndiyo dawa niliyokuwa nayo, tukakaa tukinywa.

Sitaki kuwapaka rangi nzuri tu. Jumamosi zilikuwa na ubaya wake. Kuna siku alimuahidi Makena, akiwa mchangamfu, kwamba Ijumaa inayofuata angefika shuleni kumwona akipewa zawadi ya kuandika insha. Ijumaa ikafika, asikumbuke, au akumbuke na aone aibu, sisi hatukujua. Alikuwa nyumbani, amekaa kwenye kiti chake, anasafisha sindano zake. Makena alirudi na karatasi yake, akaiweka mezani, na baba yake akaisogeza kando ili apate nafasi ya sindano. Nilisikia karatasi ikisogezwa. Ukuta ule ulikuwa mwembamba hivyo.

Makena akakua. Akaacha kukaa kwenye mfereji Jumamosi kusikiliza hadithi za ngamia. Siku hizo alikuwa anaondoka nyumbani saa tisa, anakwenda kwa marafiki zake mtaa wa Wabera, anarudi giza likianza kuingia. Kisha ikaja barua ya chuo cha ualimu, mbali, upande wa magharibi. Alipaswa kuondoka Jumanne. Jumamosi kabla ya hapo, mama yake alimzuia asitoke.

Daktari alibisha hodi, akavua viatu, akaingia. Hakwenda kwa masufuria. Alimwita binti yake uani, mbele yetu sote, akamshika mikono yote miwili. Akamwambia kwamba yeye mwenyewe alitaka sana kuwa mwalimu akashindwa. Kwamba ile insha ya zawadi aliisoma siku moja nyumba ilipokuwa haina mtu, akaisoma mara mbili, na bado anajua mstari wake wa kwanza. Akausema. Kwamba hakuna kitu duniani alichokifanya chenye thamani kama yeye, Makena. Machozi yalimtoka. Wanawake wa ploti tukashika midomo.

Makena hakulia. Alimwangalia baba yake vizuri, akasema kwa adabu, bila kupaza sauti, "Baba, hayo maneno ni mazuri. Lakini ni ya nani? Ni yako ama ni ya bia? Kama ni yako, niambie Jumatatu."

Akatoa mikono yake, akaingia ndani.

Jumatatu ilifika. Mimi sikwenda kuuza maziwa mapema siku hiyo, nikajifanya napanga mitungi. Saa kumi na mbili asubuhi Daktari alitoka na koti lake, akasimama mlangoni. Makena alikuwa ndani anafunga sanduku. Nilimwona baba yake akifungua mdomo. Akaufunga. Akaufungua tena. Akasema, "Makena."

"Baba."

"Maji iko?"

"Iko, Baba."

Akaondoka. Jumanne binti naye akaondoka, na kwa zaidi ya miaka miwili hakurudi isipokuwa siku mbili tatu za Krismasi, na hata hizo hazikuangukia Jumamosi.

Baada ya hapo Daktari aliendelea kwenda kwa Ekiru, lakini hodi yake ilipungua nguvu. Masufuria aliyaosha bila hadithi. Nadhani alikuwa ameanza kujisikiliza.

Kilichogeuza mambo si hotuba ya mtu. Ni ini la Ekiru. Fundi alilazwa, akakaa wodini wiki tatu, akatoka amepungua nusu. Akaambiwa tone moja tena litamuua. Daktari alikwenda kumwona Jumamosi ya kwanza baada ya kutoka, na Ekiru akamfukuza. "Mimi ndiye nimeambiwa niache. Wewe hujaambiwa kitu. Enda unywe." Daktari akaenda baa peke yake. Baadaye alinieleza mwenyewe kilichotokea. Aliletewa chupa, akaitazama, akatazama kiti cha mbele yake kisicho na mtu, akagundua hajui kuinywa. Miaka yote ile hakuwa akinywa bia, alikuwa akiongea na Ekiru, na bia ilikuwa tu mezani. Aliiacha chupa imejaa, akainuka.

Kwa hiyo alifika nyumbani saa nane, si saa kumi. Mama Makena alikuwa hajajipaka mafuta. Mimi nilikuwa kwao, nimempelekea maziwa. Daktari hakubisha. Aliingia, akasimama katikati ya chumba kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake. Tulimwangalia. Nikataka kutoka, lakini Mama Makena akanishika leso chini chini, nibaki.

Mzee akavuta kigoda, akaketi. Akakunja mikono ya shati, kisha akaikunjua.

"Mama Makena," akasema. "Leo sijakunywa. Na sijui nianze wapi."

Mkewe akasukuma beseni kwa mguu mpaka mbele yake. "Anza na viazi."

Akachukua kisu. Akamenya cha kwanza, kimya. Cha pili, kimya. Kwa cha tatu akasema, "Hiki kimeoza upande mmoja."

"Kata hapo palipooza," akasema Mama Makena.

"Nimekata." Akamenya kingine. "Hiki ni kizuri."

"Ni vya kwetu Meru hivyo."

"Vya Meru ni vizuri."

Ndugu msomaji anaweza kucheka. Mimi nilikuwa nimefunika uso kwa ushungi na sikuwa nikicheka. Yalikuwa mazungumzo marefu kuliko yote niliyosikia katika chumba kile bila pombe, na yalihusu viazi peke yake. Walifika mpaka kwenye chumvi.

Jumamosi iliyofuata alirudi kwa Ekiru, safari hii nyumbani kwake, na akabeba lita mbili za maziwa yangu ya ngamia. Ekiru hakumfukuza. Wakapika chai, wakaketi kivulini nyuma ya nyumba aliyoijenga mwenyewe. Daktari akamlalamikia. Alisema hana ulimi. Akifika nyumbani mkavu, maneno yote anayo, yamepangwa, lakini yanakataa kutoka. Ekiru alimeza chai yake taratibu, akamwambia, "Wewe nimekuona ukiongea na ng'ombe mwenye homa saa mbili bila kuchoka. Ulikuwa umekunywa?"

"Hapana."

"Basi mke wako amekukosea nini?"

Haya nayo alinieleza Daktari mwenyewe, na kunieleza kwenyewe kulikuwa ni ajabu, kwa sababu ilikuwa Jumatano, na alikuwa amesimama mlangoni pangu karibu kabisa, hatua moja.

Sisemi kwamba ilikuwa rahisi. Mara mbili alirudi baa. Mara ya pili alirudi nyumbani vibaya kuliko zamani zote, akalala uani juani na viatu, na Mama Makena akamwekea mwavuli usoni akaendelea na sweta zake. Alipoamka aliona mwavuli. Aliuliza ni nani ameuweka. Mkewe akasema, "Ni mimi. Nimekasirika, lakini jua ni kali." Daktari akaketi palepale chini, akamwambia, kwa sauti kavu ya mtu ambaye pombe imeshamtoka, "Nisamehe." Neno moja. Lakini lilikuwa neno la mchana, na lilimtoka mwenyewe.

Na siku moja alikuja kwenye meza yangu ya maziwa, karibu na stendi, na simu yake mkononi. Kulikuwa na kelele za makanga wakiita abiria, na za mbuzi. Alisema nyumbani ni kimya sana, anaogopa kuisikia sauti yake. Nikampisha kigoda changu. Akabonyeza namba, akaweka simu sikioni, akafumba macho.

"Ni Baba. Hapana, hakuna mgonjwa. Mama yuko sawa." Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. "Makena, leo ni siku gani huko?"

Sikusikia jibu.

"Hapa pia ni Jumatatu," akasema. "Nimekunywa chai. Uliza Mama Halima, niko naye hapa. Ile kitu nilikuambia siku ile, uani. Nimechelewa sana. Lakini bado ni kweli. Yote ni yangu."

Sijui binti alisema nini. Nilimwona Daktari akitikisa kichwa mara nyingi, kama mtu anayepewa maelekezo ya njia, akisema, "Ndiyo. Ndiyo, mama. Nakusikia. Ndiyo." Alipokata simu alinirudishia kigoda, akasahau kofia, nikamkimbilia nayo mpaka ng'ambo ya barabara. Likizo ya Agosti Makena alikuja, akakaa wiki tatu.

Miaka mitano iliyopita tulihamia Wabera, mume wangu alipopata nyumba yenye uwanja wa kuegesha lori. Mambo ya kuhama yanajulikana. Unasema utakuwa ukirudi kila wiki, halafu unarudi kwa matanga na harusi. Mwezi jana nilimaliza kuuza mapema, nikasema leo nitawasalimu. Ilikuwa siku ya katikati ya wiki, saa nne asubuhi.

Kabla sijaingia lango la ploti nilisikia sauti za watu wawili wakibishana. Nikaongeza mwendo. Katika miaka kumi na mmoja sikuwahi kuwasikia wakigombana, maana kugombana nako kunataka maneno. Nilipofika mlangoni nikakuta Daktari, nywele zote nyeupe, anashikilia mguu wa meza, na Mama Makena anashikilia mwingine. Alitaka meza ikae dirishani. Mkewe alitaka ikae ilipokaa siku zote.

"Mama Halima, umetumwa na Mungu!" akasema Mama Makena. "Mwambie huyu mtu anyamaze. Anaongea tangu alfajiri. Ameongea juu ya meza, ameongea juu ya dirisha, sasa ameanza juu ya jua lenyewe."

"Jua la asubuhi linaingia hapa," Daktari akanieleza, akiniita nishuhudie. "Anafuma gizani, macho yanaharibika. Mimi nimetibu macho ya ngamia, najua. Sasa ni makosa kumwambia?"

"Mimi ni ngamia?"

"Sikusema hivyo. Lakini ngamia angenielewa."

Nikacheka mpaka nikaketi. Tukanywa chai. Meza ilibaki katikati ya chumba, haijulikani ya nani. Waliniambia habari za Makena, kwamba anafundisha shule moja Garbatulla na ana mtoto wa kiume anayetambaa. Habari za Ekiru, aliyezikwa mwaka juzi, na jinsi Daktari alivyokaa naye Jumamosi ya mwisho wakinywa maji kwa kijiko. Hilo alilisimulia bila kuficha uso. Mkewe alipomsahihisha mahali fulani, alikubali, akaendelea. Nilijaribu kuaga mara tatu. Kila mara alikuwa na jambo moja tu la mwisho.

Alinisindikiza barabarani. Nilisimamisha boda, mwanamume wa makamo aliyekuwa akikohoa, nikapanda. Daktari akashika usukani wa pikipiki.

"Hicho kikohozi ni cha siku ngapi? Usiniambie ni vumbi. Unakula nini? Unalala dirisha wazi? Una watoto wangapi, na wao wanakohoa?" Yule mwendeshaji alijibu, mwanzo kwa shaka, kisha kwa kirefu. Daktari akamweleza hospitali ya kwenda na saa ya kufika ili asipange foleni, akamuuliza jina, akamuuliza jina la mke, akamwambia amsalimie mke huyo, kisha akanigeukia mimi akaniuliza kama mume wangu bado anaumwa mgongo, na kabla sijajibu akaanza kunieleza la kufanya. Nyuma yake, mlangoni, Mama Makena alikuwa amesimama mikono kiunoni, anamngoja amalize.

Hatimaye akaachia usukani. Tuliondoka. Tulipofika kona, mwendeshaji akageuza kichwa kidogo.

"Mama, yule mzee amekunywa?"

"Hapana," nikamwambia. "Ndivyo alivyo."